Ufahamu na Ufupisho: Kanuni za Kusafirisha Vifaa vya Usalama Vyenye Gesi Iliyoshindiliwa

Mwanafunzi, unapojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne huenda unatumia muda mwingi kwenye sarufi na fasihi, na ufahamu ukauacha kwa kudhani kuwa ni mwepesi. Usifanye hivyo. Habari ya hadithi unaweza kuielewa hata ukiisoma haraka, kwa sababu tukio moja huvuta jingine. Habari ya kanuni haiko hivyo. Ndani yake neno dogo kama "isipokuwa" au "endapo" hugeuza maana ya sentensi nzima. Ukiliruka, utajibu kinyume cha kilichoandikwa na alama zitakupita.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
(a) kutofautisha kanuni, sababu ya kanuni, msamaha na mfano;
(b) kujibu maswali ya ufahamu kwa maneno yako mwenyewe;
(c) kufupisha aya yenye mambo mengi bila kuacha jambo la lazima;
(d) kueleza maana ya neno kulingana na lilivyotumika katika habari.

SEHEMU A: KABLA YA KUSOMA

Unapokutana na habari ya kanuni, isome mara mbili. Mara ya kwanza tafuta jibu la swali moja tu: habari hii inamhusu nani na inamtaka afanye nini? Mara ya pili shika penseli na upigie mstari maneno ya aina tatu:

1. Maneno ya kulazimisha: lazima, sharti, hairuhusiwi, ni marufuku.
2. Maneno ya kuruhusu: anaweza, inaruhusiwa, kwa kibali.
3. Maneno ya kuwekea mpaka: isipokuwa, endapo, tu, isiyozidi, isiyopungua.

Maneno ya kundi la tatu ndiyo watunga mitihani huyapenda. Sasa soma kifungu kifuatacho kwa makini.

SEHEMU B: KIFUNGU CHA HABARI

Aya ya 1. Kifaa kinachookoa maisha kinaweza kuua kikiwa njiani. Fikiria mtungi wa kuzimia moto ulioning'inizwa ukutani mwa maabara, jaketi okozi linalojijaza lenyewe likigusa maji, boti ya mpira iliyokunjwa ndani ya kasha kwenye sitaha ya meli, na mtungi wa hewa anaoubeba mgongoni askari wa zimamoto anapoingia kwenye moshi. Vyote hivi vina gesi iliyoshindiliwa ndani ya chombo. Nguvu ileile inayokiwezesha kifaa kufanya kazi kwa sekunde chache ndiyo inayokifanya kiwe hatari endapo kitaanguka, kitapata joto kali au kitafyatuka kisipotarajiwa.

Aya ya 2. Gesi hushindiliwa ili iliyo nyingi iingie mahali padogo. Mtungi wa lita 10 uliojazwa hewa kwa mgandamizo wa bar 200 hubeba hewa ambayo ikiachiwa huru ingejaza takribani lita 2,000. Joto likipanda, mgandamizo nao hupanda. Mtungi huo ukijazwa kwenye nyuzijoto 27 kisha ukaachwa mahali penye nyuzijoto 87, mgandamizo wake hupanda kutoka bar 200 hadi karibu bar 240. Kwa kabonidayoksaidi hali ni kali zaidi. Ndani ya mtungi gesi hiyo kwa kawaida hukaa sehemu kubwa ikiwa kimiminika, lakini ikivuka nyuzijoto 31 haiwezi tena kubaki kimiminika, na mgandamizo wake huongezeka kwa kasi. Tena, valvu ya mtungi wenye mgandamizo mkubwa ikivunjika, gesi hutoka kwa nguvu na mtungi wenyewe unaweza kuruka kama kombora.

Aya ya 3. Kwa sababu hiyo vifaa hivi huhesabiwa kuwa bidhaa hatari vinaposafirishwa. Umoja wa Mataifa umezigawa bidhaa hatari katika makundi 9, na gesi zimo katika kundi la 2. Kundi hili lina vijikundi vitatu: 2.1 ni gesi zinazowaka, 2.2 ni gesi zisizowaka na zisizo na sumu, na 2.3 ni gesi zenye sumu. Kila bidhaa hupewa pia namba ya tarakimu nne inayotanguliwa na herufi UN. Mtungi wa kuzimia moto ni UN 1044 na umo katika 2.2. Hewa iliyoshindiliwa ni UN 1002, nayo imo katika 2.2. Vifaa vya kuokolea maisha vinavyojijaza vyenyewe ni UN 2990, lakini vimo katika kundi la 9, yaani la hatari za aina mbalimbali. Sababu ni kwamba ndani yake, pamoja na mtungi wa gesi, mnaweza kuwamo fataki za kutoa ishara, betri na vitu vingine. Jaketi okozi la sponji halina gesi iliyoshindiliwa, hivyo haliguswi na kanuni hizi.

Aya ya 4. Kanuni za usafiri wa anga hutolewa na shirika la Umoja wa Mataifa la ICAO, na mashirika mengi ya ndege hutumia kitabu cha IATA ambacho hutolewa upya kila mwaka. Kwa usafiri wa baharini, shirika la IMO lina kanuni zinazojulikana kama IMDG, ambazo zimekuwa za lazima kimataifa tangu Januari 1, 2004. Nchini Tanzania, usafiri wa anga husimamiwa na TCAA.

Aya ya 5. Mzigo mkubwa wa wajibu humwangukia mtuma mzigo. Kwanza, ni lazima aitambue bidhaa yake: ni kitu gani, namba yake ya UN ni ipi na imo katika kundi lipi. Pili, ni lazima aifungashe ipasavyo. Valvu sharti ikingwe isigongwe, kifyatulio kizuiwe kisifyatuke chenyewe, na kasha la nje liwe imara. Tatu, ni lazima aandike juu ya kasha jina rasmi la usafirishaji na namba ya UN, kisha abandike lebo ya kundi husika. Lebo huwa ni mraba uliosimama kwa pembe yake, wenye upande usiopungua milimita 100. Lebo ya 2.2 ni ya kijani yenye picha ya mtungi. Ya kundi la 9 ina mistari myeusi na myeupe upande wa juu. Nne, ni lazima ajaze tamko la mzigo na kulisaini. Saini hiyo ni kiapo: asiposema kweli, yeye ndiye atakayewajibika.

Aya ya 6. Kanuni zina msamaha pia. Vifaa vya kuokolea maisha vilivyofungashwa katika kasha gumu na imara, lenye uzito wa jumla usiozidi kilo 40, havibanwi na kanuni hizi endapo ndani yake hamna bidhaa hatari nyingine isipokuwa gesi isiyowaka na isiyo na sumu, iliyo katika vichupa visivyozidi mililita 120 kila kimoja, na vichupa hivyo vimefungwa kwenye kifaa kwa ajili ya kukijaza tu. Vilevile, kwa kibali cha shirika la ndege, abiria anaweza kusafiri na jaketi okozi lake linalojijaza, lenye vichupa vidogo visivyozidi viwili vya gesi ya 2.2, pamoja na vichupa vya akiba visivyozidi viwili.

Aya ya 7. Mei 11, 1996, ndege ya shirika la ValuJet, safari namba 592, iliruka kutoka Miami kwenda Atlanta, Marekani. Ndani ya sehemu ya mizigo yalikuwamo maboksi yenye vifaa vya kuzalisha oksijeni, vile ambavyo huwapa abiria hewa ya kuvuta dharura inapotokea. Vifaa hivyo havina gesi iliyoshindiliwa. Hutengeneza oksijeni kwa mmenyuko wa kikemikali, na vinapofanya kazi hupata joto la zaidi ya nyuzijoto 200. Vilikuwa vimetolewa katika ndege nyingine, vingi vikiwa vimepita muda wake wa matumizi, lakini bado vilikuwa na uwezo wa kufyatuka. Havikuwa vimevalishwa vifuniko vya usalama. Katika hati ya mzigo viliandikwa kuwa ni tupu. Moto ulizuka. Sehemu ile ya mizigo ilijengwa ili moto ukose hewa na kufa wenyewe, lakini safari hii vitu vilivyokuwa vikiungua vilikuwa vikijitengenezea oksijeni. Ndege ilianguka katika vinamasi vya Everglades dakika kama 10 baada ya kuruka, na watu wote 110 waliokuwamo walikufa.

SEHEMU C: MSAMIATI

Kushindilia: kusukuma kitu kwa nguvu ili kingi kiingie mahali padogo. Gunia la mkaa hushindiliwa, na gesi pia.
Mgandamizo: nguvu ambayo gesi inaisukumia kuta za chombo chake.
Valvu: kifaa cha kufungulia na kufungia njia ya gesi.
Kifyatulio: sehemu ambayo ikivutwa au kubonyezwa huanzisha kazi ya kifaa.
Mtuma mzigo: mtu au kampuni inayokabidhi mzigo usafirishwe. Usimchanganye na msafirishaji, ambaye ndiye mwenye ndege, meli au gari.
Tamko la mzigo: hati ambayo mtuma mzigo anathibitisha ndani yake kuwa aliyoyaeleza ni kweli.

SEHEMU D: MASWALI NA MAJIBU YA MFANO

Swali la 1. Pendekeza kichwa cha habari kisichozidi maneno matano.
Jibu: Usafirishaji Salama wa Vifaa Okozi.
Zingatia: Kichwa "Ajali ya Ndege" si sahihi. Ajali imo katika aya moja tu, tena kama mfano. Kichwa hubeba wazo kuu la habari nzima.

Swali la 2. Kwa nini mtungi wa kuzimia moto na boti ya kuokolea inayojijaza havimo katika kundi moja, ingawa vyote vina gesi?
Jibu: Hatari ya mtungi wa kuzimia moto inatokana na gesi yake isiyowaka na isiyo na sumu, hivyo umo katika 2.2. Boti inaweza kuwa na vitu vingine vya hatari kama fataki na betri, hivyo imo katika kundi la 9.
Zingatia: Swali linaloanza na "kwa nini" linataka sababu. Ukitaja namba za makundi peke yake hujajibu.

Swali la 3. Mfanyabiashara wa Mwanza anataka kutuma majaketi okozi sita yanayojijaza. Kila jaketi lina kichupa cha gesi ya 2.2 chenye ujazo wa mililita 50, kimefungwa kwenye jaketi lenyewe. Kasha ni gumu na imara, na uzito wote ni kilo 18. Kabla ya kulifunga anatia humo fataki nne za kutoa ishara. Je, atapata msamaha wa aya ya 6?
Jibu: Hapana. Uzito, kasha na ujazo wa vichupa vinakubalika, lakini msamaha hutolewa endapo tu ndani ya kasha hamna bidhaa hatari nyingine isipokuwa gesi iliyotajwa. Fataki ni bidhaa hatari nyingine.
Zingatia: Hapa ndipo penseli inapokusaidia. Msamaha una masharti mengi yaliyounganishwa, na yote yanatakiwa kutimia kwa pamoja. Sharti moja likivunjika, msamaha wote umeondoka. Mtahiniwa aliyeona kilo 18 na mililita 50 akakimbilia kuandika "ndiyo" amesoma tarakimu na kuacha maneno.

Swali la 4. "Abiria yeyote ana haki ya kupanda ndege na jaketi okozi lenye gesi." Je, kauli hii inakubaliana na habari uliyosoma? Eleza.
Jibu: Haikubaliani. Habari inasema abiria anaweza kufanya hivyo kwa kibali cha shirika la ndege, na idadi ya vichupa isizidi iliyowekwa. Ruhusa yenye masharti si haki ya kila mtu.

Swali la 5. Eleza kosa la kutumia neno "tupu" katika habari hii.
Jibu: Tupu maana yake ni kitu kisicho na chochote ndani. Vifaa vile vilikuwa vimepita muda wake, lakini kemikali zilikuwa bado zimo. Aliyesoma hati aliamini hakuna hatari.
Zingatia: Kuisha muda na kuisha kitu ni mambo mawili tofauti. Dawa iliyopita muda wake bado imo ndani ya chupa. Mtungi wa kuzimia moto ambao tarehe yake ya kukaguliwa imepita bado una gesi. Ukiweza kueleza tofauti hiyo kwa mfano wako mwenyewe, mtahini ataona kuwa umeelewa.

Swali la 6. Mwandishi ametaja vifaa visivyo na gesi iliyoshindiliwa katika aya ya 7. Unadhani kwa nini?
Jibu: Ili kuonyesha kuwa wajibu wa kutambua bidhaa, kuifungasha na kuieleza kwa ukweli ni uleule kwa kila kifaa cha usalama chenye hatari. Hatua zilizoelezwa katika aya ya 5 zingefuatwa, vifaa vile vingetambuliwa kuwa ni hatari, vingevalishwa vifuniko na visingeandikwa kuwa ni tupu.

SEHEMU E: UFUPISHO

Swali: Fupisha aya ya 5 kwa maneno yasiyozidi 50.

Fuata hatua hizi:
Hatua ya 1. Hesabu mambo makuu. Aya yenyewe inakusaidia: kwanza, pili, tatu, nne. Basi ufupisho wako lazima uwe na mambo manne.
Hatua ya 2. Ondoa maelezo ya ziada. Rangi za lebo na kipimo cha milimita 100 vinafafanua jambo la tatu, si mambo yanayojitegemea.
Hatua ya 3. Andika rasimu kwa lugha yako, kwa sentensi kamili. Usiandike orodha.
Hatua ya 4. Hesabu maneno, kisha rekebisha. Ukizidisha idadi uliyopewa unajitafutia kupunguziwa alama.

Jibu la mfano:
Mtuma mzigo ana wajibu wa mambo manne. Kwanza, hutambua bidhaa kwa namba na kundi lake. Pili, huifungasha katika kasha imara, akikinga valvu na kuzuia kifyatulio. Tatu, huandika jina rasmi na namba ya UN, kisha kubandika lebo inayohusika. Mwisho, hujaza na kusaini tamko la mzigo, na asiposema kweli huwajibika yeye. (Maneno 49)

Makosa ya kuepuka:
(i) Kunakili sentensi za aya kama zilivyo na kuruka nyingine. Huo ni ukataji, wala si ufupisho.
(ii) Kuongeza maoni yako, kwa mfano "serikali iwachukulie hatua wazembe". Aya haikusema hivyo.
(iii) Kuacha jambo la mwisho kwa sababu maneno yamekwisha. Heri ufupishe kila jambo kidogo kuliko kulitupa moja zima.
(iv) Kubadili nguvu ya kanuni. Habari ikisema "ni lazima", usiandike "ni vizuri".

SEHEMU F: JIPIME

Jibu maswali haya bila kutazama majibu ya juu, kwa muda usiozidi dakika 30.

1. Taja mambo matatu yanayoweza kusababisha kifaa chenye gesi iliyoshindiliwa kuwa hatari kikiwa safarini.
2. Kwa kutumia aya ya 2, eleza kwa nini si salama kuacha mitungi ya gesi juani ndani ya gari lililofungwa.
3. Toa tofauti kati ya jaketi okozi la sponji na jaketi okozi linalojijaza kwa upande wa kanuni za usafirishaji.
4. Tunga sentensi moja kwa kila neno ukionyesha maana yake katika habari: (a) endapo (b) isiyozidi (c) kibali (d) kuwajibika.
5. Fupisha aya ya 7 kwa maneno yasiyozidi 60.
6. Umeombwa na mwalimu wa maabara uandike tangazo la kubandika kwenye boksi la mitungi miwili ya kuzimia moto inayopelekwa kwa fundi wa ukaguzi. Andika tangazo lisilozidi maneno 40. Hakikisha halimpotoshi yeyote atakayelibeba boksi hilo.

Dokezo la swali la 6: Jiulize kwanza kama unajua kwa hakika kuwa mitungi hiyo haina kitu ndani. Kama hujui, usiandike kuwa ni mitupu. Andika unachokijua: ni mitungi ya kuzimia moto, ina gesi yenye mgandamizo, isigongwe, isiwekwe juani, na pini za usalama zisichomolewe. Tangazo zuri hupimwa kwa ukweli wake kwanza, kisha kwa ufupi wake.

Ukimaliza, badilishana karatasi na mwenzako msahihishane. Muulize swali moja tu: "Ungekuwa wewe ndiye unayelibeba boksi hili, maneno yangu yangekutosha?" Akisita, rudi ukaandike upya.